Mteja wa Kwanza wa Bi Nhan

Sogeeni. Wewe, zima hiyo redio. Na wewe uliyekaa mlangoni, ingia ndani ufunge mlango, na mdomo nao ufunge. Habari hii siisimulii huku watu wanatafuna mbegu za tikiti. Nyamazeni mpaka nisikie feni peke yake. Haya. Sasa nasikia feni.

Ni habari ya Diem, binti wa marehemu kaka yangu. Mwaka huo pikipiki zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kuzifukuza baiskeli barabarani hapa Saigon. Mimi nilikuwa nauza kandambili sokoni kwetu, upande wa Cholon, katikati ya wauza vitambaa, ingawa kitambaa changu pekee kilikuwa cha kufutia vumbi.

Diem alikuwa na saluni yake kule Nha Trang, karibu na ufukwe. Kila mwaka aliifunga kwa siku kadhaa, akapanda treni peke yake kwenda kutazama mji na kununua vitu. Hue alifika, Hanoi alifika, Da Lat ndiyo usiseme. Watu walimsengenya, msichana gani anatembea bila mwenzake. Yeye alicheka tu. "Ukitembea na mtu unamtazama mtu, shangazi. Mimi nataka kutazama mji."

Safari hiyo alikuja kabla ya harusi yake na Khoa, dereva wa lori la barafu. Alitaka kuiona Saigon akiwa hajafungwa na mtu, na alitaka hariri nyekundu ya kushonea ao dai, lile gauni letu refu, ya harusi.

Siku ya kwanza alitoka asubuhi, akarudi magharibi akiwa mwekundu kwa jua, amebeba vifurushi mpaka kidevu kinasaidia. Alikuwa ametazama kanisa la matofali, posta kuu, bustani ya wanyama. Akapanda kivuko kwenda ng'ambo na kurudi kwa raha tu. Akaketi sakafuni, akafungua vifurushi vyake, akaanza kuwaigiza wauzaji.

"Yule mama wa kofia alianza juu huko mbinguni. Nikamwambia, mama, nanunua kofia au nanunua paa la nyumba? Akacheka, akashusha. Nikamwambia, bado naona mabati. Akashusha tena!"

Nilicheka mpaka nikajifuta machozi. Alikuwa na ulimi yule mtoto.

"Kesho nakuja sokoni kwenu," akasema. "Mapema kabisa, kabla mtu hajauza kitu."

Kicheko kikaniishia. "Diem, usifanye hivyo."

"Si ndiyo saa ya bei nzuri? Muuzaji hawezi kumwacha mteja wa kwanza aondoke mikono mitupu. Atashusha mpaka alie."

Kwetu sisi wa sokoni, mteja wa kwanza ndiye anayeifungua siku. Akija na moyo mwepesi, akanunua bila ugomvi, siku inatembea. Akivuta bei halafu akaondoka, siku imeoza. Hapo muuzaji huwasha kipande cha karatasi, akakipitisha juu ya bidhaa zake, akaufukuza mkosi. Diem aliyajua hayo tangu ananyonya. Ndiyo maana alitaka kuja mapema.

"Basi ukivuta, ununue," nikamwambia.

"Nitaona," akasema.

Mbele ya kibanda changu alikuwa Bi Nhan, mjane mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Mvua za mwezi ule zilikuwa zimevuja kwenye kibanda chake zikaharibu majora mengi, na mwenye soko alikuwa ameshamwambia Cuc, binti wa mjane huyo, kwamba kuna mtu mwingine anakitaka kibanda. Bi Nhan alikuwa ananiambia kila asubuhi, "Mwenzangu, nipate siku moja tu iliyofunguka vizuri. Moja tu."

Asubuhi hiyo alikuwa hajamaliza kupanga majora Diem alipotokea, kofia yake mpya kichwani.

"Karibu mrembo," Bi Nhan akasema. "Nifungulie siku, mwanangu."

Diem akagusa hariri nyekundu. Bei ikatajwa.

"Ehee! Mama, hii imefumwa na malaika?"

"Shika uone uzito wake."

"Nimeshika. Uzito wa maji ya mvua."

Wauzaji wa pembeni wakacheka. Bi Nhan hakucheka. Akashusha bei. Diem akataja nusu yake. Bi Nhan akasema nusu si bei, hicho ni kilio. Diem akaugeuza mwili kama mtu anayeondoka, nasi wote tukaona mkono wa yule mama ulivyomfuata hewani.

"Rudi. Rudi, mwanangu. Haya, nusu."

"Sasa nimeshapoa, mama. Robo."

Nilikohoa. Diem hakunitazama. Bi Nhan akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Chukua," akasema. "Kwa hasara. Nifungulie tu." Akapima, akakata. Mkasi ulilia ndani ya ile hariri, nasi sote tukausikia.

Diem akakitazama kile kipande. Akakiweka mabegani, akakitoa.

"Mama, nilikuwa najaribu tu nione utafika wapi. Nyekundu hii nitafanana na taa ya barabarani."

"Diem, lipa!" nikamwita.

"Nitarudi jioni, shangazi, akishapoa na yeye!" Akanikonyeza, akaenda zake akicheka.

Kitambaa kilishakatwa. Hakirudi kwenye jora.

Bi Nhan akachukua gazeti, akalisokota, akawasha. Mtu akifukuza mkosi huwa tunapiga kelele pamoja naye, tunatukana, tunacheka, tunarudi kazini. Yeye hakusema neno. Aliupitisha moto juu ya majora yake, halafu akatoka nje ya kibanda. Sakafu ilikuwa na maji, na alama za viatu vya Diem zilionekana mpaka kwenye lango. Akaziinamia. Alipitisha moto juu ya alama moja, kisha ya pili, kisha nyingine.

"Mama Nhan, mkono!" nikapiga kelele. Moto ulikuwa umefika kwenye vidole. Hakuuachia.

Akarudi, akanitazama kwa utulivu. "Hatanunua kitu tena," akasema. "Hata maji. Mpaka anunue kwangu."

Akaketi, kile kipande chekundu mapajani. Jua lilikuwa halijafika utosini tulipogundua hapumui. Na vidole vyake tulishindwa kuvifungua.

Diem hakujua. Alikuwa anatembea mjini, na yaliyompata alinisimulia mwenyewe, amejikunyata pale kwenye mkeka.

Alianza na njaa. Akaketi kwa mama mmoja wa wali wa chenga na nyama ya kuchoma, benchi limejaa watu, sufuria iko nusu. Yule mama akainua mwiko, akamtazama, akaushusha.

"Samahani dada. Bado sijafungua."

"Hawa wanaokula?"

"Wewe ndiye wa kwanza leo," yule mama akasema. "Nenda, dada yangu. Nenda."

Akaenda kwa muuza kahawa. Wewe ndiye wa kwanza leo. Akaenda kwa muuza juisi ya muwa, mashine inazunguka, glasi zinasafishwa. Wewe ndiye wa kwanza leo. Jua la adhuhuri, mji mzima unanunua na kuuza, na kila alipoingia uso wa muuzaji ulikwama, kisha likatoka neno lile lile.

Akadhani ni mzaha wa watu wa Saigon. Akacheka. Kisha akasikia harufu ya karatasi inayoungua.

Aligeuka. Hakukuwa na moshi.

Akaingia hekalu la Wachina kupumzika, zile koili za udi zinaning'inia darini. Alitaka kununua vijiti vya udi. Mzee wa pale akafunga droo taratibu. Akatoka. Mtaa mzima mbele yake ukaanza kushusha milango ya chuma. Mmoja. Mwingine. Mwingine. Mbele yake tu. Nyuma yake ilikuwa inapandishwa tena.

Mwisho akaingia duka la vioo, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi na mwenyewe hayupo. Akajiona kwenye vioo vingi. Na katika kila kioo, nyuma yake, mikono miwili myembamba ilikuwa inampima. Futi ya kitambaa begani. Kisha chini ya kwapa. Kisha kutoka shingoni mpaka kisiginoni, jinsi wanavyopimwa waliolala.

Hakuona uso. Aliona mikono tu. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vyeusi.

Alikimbia mpaka kwangu. Nilimpa maji; yalitoka kama yalivyoingia. Nilimpikia uji, alinawa nao kifua, haukupita kooni. Mabegani alikuwa na mistari myekundu, mmoja huku na mwingine kule, kama ya kamba iliyokazwa. Kesho yake midomo ilipasuka. Kesho yake tena hakuweza kusimama.

"Atakufa," jirani akaninong'oneza.

"Najua," nikasema.

Basi nikamtia kwenye baiskeli ya matairi matatu, nikampeleka msibani.

Bi Nhan alikuwa bado nyumbani kwake uchochoroni, jeneza sebuleni, bakuli la wali na yai juu yake, matarumbeta yamepumzika kungoja wageni wa mchana. Cuc, binti yake, alitupokea na kitambaa cheupe cha msiba kichwani. Alimtazama Diem tangu juu mpaka chini.

"Umekuja kununua?"

"Nimekuja," Diem akasema. Sauti ilikuwa kama mchanga. "Kile kipande. Naomba."

"Kimo mle." Cuc akaonyesha jeneza. "Vidole havikufunguka. Tumemlaza nacho. Unakitaka? Haya, vuta bei. Si ndiyo kazi yako?"

Kulikuwa na sarafu mbili za shaba kwenye kisahani, za kumwulizia marehemu. Zikilala moja uso na moja mgongo, amekubali. Zote mgongo, amekataa. Zote uso, anacheka.

Nilimshika Diem kwapani akapiga magoti. Akatupa.

"Bei ya kwanza uliyotaja, mama. Yote."

Mgongo. Mgongo.

"Na hereni zangu."

Mgongo. Mgongo.

"Na pete ya Khoa." Aliivua. Iliteleza yenyewe, kidole kilikuwa kimekonda.

Mgongo. Mgongo.

"Saluni yangu, mama. Nitaiuza."

Uso. Uso.

Nikasikia mtu anacheka puani. Nilimgeukia Cuc kwa hasira. Mdomo wake ulikuwa umefumba. Alikuwa analia.

Diem akalala kifudifudi, paji la uso sakafuni, akanong'ona. Mimi niliyekuwa karibu ndiye niliyesikia.

"Nitakufungulia siku. Kila asubuhi. Mimi wa kwanza, sitavuta bei hata mara moja. Maisha yangu yote."

Akatupa. Sarafu moja ilitua mara hiyo hiyo. Nyingine ilizunguka, ikazunguka, mpaka nikatamani kuikanyaga.

Uso. Mgongo.

Na ndani ya jeneza tukasikia ka. Ka. Ka. Kama mshonaji anayenyoosha vidole baada ya kazi.

Diem akainyakua chupa ya maua kwenye madhabahu, akang'oa maua, akanywa maji yake mpaka tone la mwisho. Yakapita.

Cuc akakipata kibanda, wala hakunyang'anywa tena. Alfajiri ya kwanza baada ya mazishi Diem alikuwa amesimama mbele yake.

"Hariri bei gani?"

Cuc akamtazama machoni, akataja. Diem akalipa. Kesho yake Cuc akataja zaidi. "Imepanda, dada." Diem akalipa. Ikawa inapanda tu. Mimi ng'ambo na kandambili zangu natazama, ulimi nauuma. Diem aliweka kiti na kioo mdomo wa uchochoro wetu, akawa anasuka na kukata nywele kutwa nzima ili apate cha kumpelekea Cuc asubuhi. Na Cuc, maana siku zake zilifunguka zote, alinenepa akapata mpaka jino la dhahabu.

Khoa alikuja. Alikuwa kijana mwema. "Shangazi, mambo gani haya ya sokoni? Namchukua mke wangu." Akampandisha treni ya Nha Trang. Walisafiri usiku vizuri, wanacheka, wanakula mahindi. Kulipopambazuka, saa ya soko kufunguliwa, Khoa akaona kola ya blauzi ya Diem inajikunja. Inaingia ndani. Kama mtu anampima shingo kwa futi, na anaendelea kuvuta.

Walishuka kituo kilichofuata. Walirudi kwa lori, kwa pikipiki, kwa chochote. Jioni Cuc alikuwa bado ameketi, mlango wa chuma nusu.

"Umechelewa, dada. Mama alishaanza kukutafuta."

Khoa alirudi kwao peke yake. Baadaye tukasikia ameoa, nami simlaumu. Na Diem, mtu aliyetaka kutazama miji, akawa anaijua njia moja: kutoka mlango wangu mpaka kwenye kile kibanda. Kanisa la matofali hakuliona tena. Kila asubuhi kipande kimoja cha hariri, kipimo kile kile cha gauni moja, nacho anakitupa kwenye sanduku bila kukitazama. Sanduku likijaa ananunua jingine.

Nywele zilianza mvi mapema. Kifua kikamshika. Mwishoni nilikuwa nambeba mgongoni kumpeleka sokoni, mimi mzee, na Cuc anataja bei yake bila haya, huku anachokonoa lile jino.

Asubuhi ya mwisho tulipotoka huko nilimlaza, akanishika mkono.

"Shangazi, niliahidi maisha yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Yote?"

"Yote."

"Na zaidi ya hapo nilisema nini?"

Nikafikiri. "Hukusema kitu."

Akatabasamu. Ilikuwa miaka sijaliona lile tabasamu, lile la siku aliyomwigiza mama wa kofia. "Basi kesho naenda kutazama tu," akasema. Akafa kabla chai haijapoa.

Tulimzika. Kulipokucha Cuc akafungua kufuli yake, haijaguswa. Ndani, hariri nyekundu ilikuwa imefunuliwa meza nzima. Imevutwa, imekunjwa ovyo, imetupwa pembeni. Haikukatwa. Hakuna aliyenunua. Na siku hiyo nzima hakuuza hata uzi.

Kesho yake hivyo hivyo. Cuc akabadilisha kufuli. Akafunga minyororo. Kila akifungua anakuta jora limefunuliwa na kuachwa. Mteja wake wa kwanza amekuja, ametazama, ameondoka. Cuc akawa anawasha karatasi kila asubuhi, moja, kisha nyingine, mpaka dari likawa jeusi na sisi majirani tunakohoa. Mara moja akiwa ameinama na moto mkononi tuliona ameruka, sikio kalishika. Alisikia mtu kamsemesha karibu kabisa.

"Punguza kidogo, mama."

Alikuja kwangu mbio. "Bibi, mwambie mwanao anunue! Nitampa kwa bei yoyote. Nitampa bure!"

Nikampangia mteja kandambili zake, nikachukua hela, ndipo nikamjibu. "Mwambie mwenyewe. Huja mapema."

Cuc hakumaliza mwaka. Kibanda alirithi binti yake, Bich, akaviondoa vitambaa akaweka ndoo na mabeseni. Kila asubuhi anazikuta zimeshushwa chini, zimechaguliwa, zimeachwa. Jino la dhahabu alirithi mkwe wake. Saluni ya Nha Trang ilikwenda kwa mdogo wake Diem, na kila akifungua mlango wake kuna mteja anangoja.

Mimi nilirithi masanduku ya hariri. Nilipoyafungua vipande havikuwa tena vya kipimo kimoja. Kila kimoja kilikuwa na urefu wake, na chaki ya fundi imeshapita: bega hapa, kiuno hapa. Ao dai zenu zote nimezitoa humo. Ndiyo, msishtuke, hizo hizo za sikukuu. Hakuna fundi aliyewahi kuwapima, na hakuna hata mmoja wenu ambaye ilimkaa vibaya. Diem ni damu yetu. Sikuona sababu ya kuogopa.

Kimebaki kipande kimoja, kidogo, hakifiki hata mkono wangu. Nilikuwa najiuliza ni cha nani. Loan, mjukuu wangu, usilizibe hilo tumbo kwa mto, sote tumeshaona. Njoo ukichukue. Ni cha huyo.